Daftari la Pili la Makaburi

Jumanne, 4 Machi

Baba,

Zilizopotea ni namba za makaburi mia mbili na kumi na moja kwenye daftari la pili la makaburi ya mji, na zilipotea baada ya mafuriko, chini ya wembe wako. Namba ya mama ni mojawapo.

Sasa shikamoo. Najua ulinifundisha kwamba barua huanza na salamu, ikaja afya, ikaja hali ya hewa, na shida ikaja mwisho kama mgeni asiyealikwa. Kwa leo nisamehe. Nina neno hili tumboni tangu Jumatano, na ningeanza na salamu ningeishia huko huko. Goti linaendeleaje? Masikio je? Mwambie wifi asikuache ukae nje jioni bila sweta. Mimi ni mzima wa mwili.

Mdogo wangu atakuwa amekwambia nimepata kazi ya masjala hapa mji wetu wa zamani. Hakukwambia ni kazi gani, maana hakuniuliza. Barabara mpya itapita juu ya makaburi ya zamani, yale ya nyuma ya ghala la nafaka. Kila aliyelala pale atahamishwa, na kila familia itapewa wa kwao kwa namba iliyoandikwa daftarini. Madaftari yapo matatu. Wino umefifia, karatasi zinavunjika ukizigusa tu, kwa hiyo masjala imetafuta mtu wa kuyapiga picha na kuyaingiza kwenye kompyuta kabla hayajawa unga. Mtu huyo ni mimi, niliyeanza na mashine moja ya kutoa kopi chini ya ngazi za mahakama, kwa sababu shule ilimtosha mtoto mmoja na mtoto huyo alikuwa mdogo wangu. Sikukumbushi ili ulie. Nakukumbusha ujue kwamba hapa nilipo sikuwekwa na mtu.

Chumba chenyewe kiko chini ya ardhi. Madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi, kwa kuwa jua ndilo adui wa kwanza wa wino. Tuko wawili: mimi, na mzee mmoja tunayemwita Miwani, anayesoma miandiko ya kale kama mimi ninavyosoma bei. Asubuhi askari anatufungia kwa nje, maana madaftari ni mali ya serikali. Mchana anafungua, anafunga tena, jioni anafungua. Ukitaka maji unagonga. Miwani anasema sisi ndio maiti pekee wa idara hii wanaolipwa mshahara.

Kila ukurasa tunaupiga mara mbili: mara moja kwa taa ya kawaida, mara ya pili kwa taa ya zambarau. Chini ya taa hiyo wino wa zamani hutokea mweusi kama masizi, hata pale ambapo jicho halioni kitu. Daftari la kwanza halikuwa na neno. La pili, tulipofika fungu la bondeni, tukakuta mkono mwingine kwenye safu ya namba. Miwani akasema, "Huyu karani alikuwa fundi." Nikamwambia, "Huyu karani ni baba yangu." Nne yako iko wazi kwa juu, na saba yako imefungwa mkanda. Nilijifunza kuziandika ukiwa umenishika mkono.

Kurasa nyingine umepita tu juu ya mwandiko uliofifia, na chini yake tunauona wa kale, sawa kwa sawa. Hapo sina ugomvi nawe. Lakini fungu lote la bondeni chini hakuna kitu. Karatasi inang'aa nyeupe, imeota manyoya, kama kidevu kilichonyolewa bila maji. Jina la marehemu umeliacha, tarehe umeiacha, ukakwangua namba ya kaburi peke yake, ukaandika nyingine. Mama yuko ukurasa wa sitini na tatu. Kwa mkono wako ni 164.

Kazi ikiisha natakiwa kusaini cheti kwamba kila namba imesomwa, haikubuniwa. Baada ya cheti madaftari yatachomwa, yameingia ukungu na mishono tumeshaikata ili kurasa zilale chini ya kioo. Kwa hiyo hakutakuwa na wa kurudi kuangalia tena.

Nakuuliza: namba mpya ulizitoa wapi? Na mama yuko wapi?

Ni mimi binti yako,
Tarakimu


Jumapili, 9 Machi

Binti yangu Tarakimu,

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 4 MACHI

Marahaba. Barua tajwa hapo juu imepokelewa tarehe 7, ikiwa imekunjwa vibaya na watu wa vifurushi.

Goti huuma likipenda. Masikio yamekwenda likizo bila kuomba ruhusa. Mkwe wangu hunipazia sauti kama anayesimamisha gari, nami huitikia "ndiyo" kwa kila kitu ili apumzike. Kwa njia hiyo nimegundua kwamba nilishakubali kuhamia chumba cha nyuma. Ni chumba kizuri. Kina dirisha, ila linatazama ukuta wa jirani, na ule ukuta sasa naujua tofali kwa tofali; kuna moja limepangwa kichwa chini. Mdogo wako hajambo, huja mimi nimelala na huondoka mimi nimelala, kwa hiyo hatujagombana. Hali ya hewa ni nzuri. Unaona? Salamu haziui mtu.

Sasa kuhusu wino. Unaandika "wembe" kama vile nilichinja. Mwanangu, kila karani wa wakati wetu alikuwa na wembe mezani, kando ya kalamu na kikaushio. Ndivyo tulivyosahihisha. Maji ya mafuriko yaliingia kabati la chini, na daftari la pili lilikaa humo mpaka tulipopata mtu wa kuvunja kufuli. Mkuu wangu alisema litupwe. Mimi nikalianika, ukurasa kwa ukurasa, kwenye kamba, ofisini, nikilala hapo hapo nisije nikaibiwa na upepo. Safu ya namba iko pembeni mwa ukurasa, na maji huanzia pembeni. Ukiandika juu ya doa, wino husambaa kama habari ya msiba. Ndiyo maana unakwangua kwanza. Huo ni usafi wa kazi. Isingekuwa mimi, leo wewe na huyo Miwani wako mngekuwa mnapiga picha ya matope.

Umeuliza namba nilizitoa wapi. Nilikwenda makaburini na daftari kwapani, nikasoma vibao. Basi.

Saini cheti, chukua haki yako, utoke kwenye hicho chumba. Ulikuwa mtoto wa kuhesabu kila kitu, hata punje za mahindi kwenye gunzi, nikakupa jina hilo kwa mapenzi. Lakini kuna mambo ukiyahesabu mara mbili yanapungua.

Ni mimi baba yako,
karani mstaafu


Alhamisi, 13 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za tofali lililopangwa kichwa chini, na nitamwandikia mdogo wangu kuhusu hicho chumba. Huko kwangu kuna chumba chenye dirisha la barabarani. Maneno hayo nimeshakwambia kabla na bado yapo.

Jumatatu nilimwomba askari anifungulie mapema, nikaenda makaburini na nakala ya ramani ya zamani ya viwanja vya makaburi, niliyoipata masjala. Ukitoka lango la ghala unaona mwenyewe: upande wa juu makaburi yana mawe, yamechongwa, yanasomeka. Bondeni hakuna jiwe hata moja. Ni matuta tu, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama madawati, na kila tuta lina kigingi cha chuma chenye namba. Mlinzi wa pale ni mjane wa mchimba makaburi wa zamani. Alikuwa ameketi kwenye ndoo, anapepeta mchele.

Nikamuuliza habari za vibao vya bondeni. Akacheka mpaka akashika ungo.

"Vibao gani, mwanangu? Vilikuwa vya mbao. Maji yalipokuja, vibao ndivyo vilivyotangulia. Marehemu mume wangu alivikuta kwenye uzio wa ghala, vimerundikana kama kuni."

"Vyote?"

"Vyote. Na matuta yamelazwa, huku nyuma pamekuwa uwanja wa mpira. Akakaa akiviangalia vile vibao, asijue kipi arudishe wapi. Wiki ya pili akaja karani."

"Karani gani?"

"Yule mrefu, aliyefiwa na mke. Alikuja na daftari."

Kwa hiyo ni kweli ulikwenda, na ni kweli daftari lilikuwa kwapani. Ila vibao ulivyosoma vilikuwa kwenye rundo.

Halafu nikaenda kusimama 164. Pale tulipopalilia mimi na wewe kila Jumapili, mpaka nilipohama mji. Najua kila shina la nyasi za pale. Ila Jumatatu kwa mara ya kwanza nilipatazama kama mtu mwenye ramani, na 164 ni tambarare, Baba. Siku ya kumzika mama nakumbuka viatu vyangu viliteleza na shangazi akanikamata ukosi nisiporomoke. Nilikuwa na miaka sita, huenda nachanganya mambo. Lakini mteremko upo, kule kuelekea mtoni, na kwenye ramani viwanja vya kule vinaanzia mia tatu. Leo hakuna tuta wala kigingi, ni nyasi tupu. Nikamuuliza mlinzi, akasema, "Kule hakuna mtu." Ukimwuliza alijuaje, anasema mume wake alimwambia.

Nimejaribu kuzikokotoa namba za zamani kwa tarehe za kuzikwa. Haiwezekani. Familia zilichagua mahali, hazikufuata foleni.

Jana nikapanda kwa Mkuu wa masjala. Si mtu mbaya; tatizo lake ni kwamba barabara ina tarehe. Nikamwambia zile namba siwezi kuzithibitisha, labda niandike "haijulikani".

Akasema, "Ukiandika haijulikani, wote mia mbili na kumi na moja wanaingia shimo moja. Sheria ndivyo ilivyo: asiye na namba hana mwenyewe. Utawaambia wewe hao ndugu zao?"

"Cheti kinasema nimesoma."

"Basi soma."

"Mzee, nasoma alichoandika karani. Siyo kilichokuwepo."

Akavua saa, akaiweka mezani, akaniangalia. "Dada yangu, wewe ni mpiga picha au hakimu? Ukishindwa, niambie nimlete mwingine. Mashine itabaki chini mpaka kazi iishe. Si unakijua kifungu?"

Nakijua. Ni cha tisa cha mkataba. Mimi ndiye ninayewaambia watu wasome herufi ndogo, na herufi ndogo hizo nilizisoma, nikasaini, kwa sababu bila kazi hii nisingepata nyingine ya namna yake. Sasa mashine yangu ya kupigia picha iko chini, na ufunguo uko kiunoni mwa askari.

Nijibu bila vibao.

Ni mimi binti yako,
Tarakimu


Alhamisi, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Gari la vifurushi limekuja mara mbili na sikukuta barua. Nimempigia simu mdogo wangu. Anasema uko salama, unakula vizuri, na kila ukiulizwa unasema unatafuta kalamu.

Habari imeshatoka kwamba namba zinahakikiwa. Watu wameanza kuja. Wanatakiwa waende dirisha la juu, lakini leo mama mmoja ameshuka ngazi hadi kwenye mlango wetu. Askari alikuwa amekwenda kula na ufunguo wake. Yule mama akainama, akaongea nasi kupitia tundu la kitasa.

"Mmo humo?"

Miwani akasema, "Tumo, mama. Hatuna pa kwenda."

"Namba ya mwanangu ni 158. Ndiyo niliyopewa. Nimekuja kuhakikisha tu iko humo, msije mkaisahau."

Miwani akautafuta ukurasa. Ipo. 158, kwa mkono wako, nne na saba hazimo lakini nane yako naijua pia, ina kiuno chembamba. Miwani akaniangalia mimi. Nikasogea mlangoni, nikasema, "Ipo, mama." Akashukuru, akaushukuru na mlango, akapanda ngazi polepole. Baadaye niliona ameacha mfuko wa ndizi kwenye kitasa.

Hatujazila. Miwani anasema tule, zitaoza.

Kalamu nimeziweka mbili ndani ya bahasha hii.

Ni mimi binti yako,
Tarakimu


Jumatatu, 24 Machi

Binti yangu Tarakimu,

YAH: BARUA ZAKO ZA TAREHE 13 NA 20 MACHI, NA KALAMU MBILI

Marahaba, na asante kwa kalamu. Nyeusi inaandika, ya bluu imekauka, rudisha dukani. Goti ni lile lile. Mvua imenyesha siku mbili na chumba cha nyuma kinavuja kidogo kwenye kona, lakini nimesogeza kitanda. Mkwe wangu ananiuliza barua hizi za kila wiki ni za nini, nikamwambia ni za kikazi. Akasema mimi nimestaafu. Nikamwambia, "Ndiyo," kama kawaida yangu.

Kalamu sikuwa naitafuta. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Nimeanza kurasa tatu, zote nimezichana, na karatasi sasa zimekwisha, kwa hiyo hii itakwenda kama ilivyo.

Wewe mwaka ule ulikuwa na miaka minane na hukuliona dirisha langu. Maji yalipopungua tu watu wakaanza kuja. Hawakuulizia nyumba zao. Waliuliza, wangu yuko wapi? Mkuu alisema tuwajibu hatujui. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja fundi viatu, mkewe alikuwa bondeni. Nikamwambia hatujui. Akakaa chini, pale pale chini ya dirisha langu, mpaka tukafunga. Kesho yake nikamkuta amekaa. Keshokutwa wakawa kumi na zaidi, wamekaa. Hawakupiga kelele. Wangepiga kelele ningefunga dirisha. Nilikuwa naandika huku nasikia watu wakipumua.

Nikaenda kwa mchimba. Nikamwambia, inua matuta, yapange vizuri, tupate mahali. Akaniuliza tutamweka nani wapi. Nikamwambia weka matuta, mimi nitaweka namba. Yeye akainua, mimi nikatia vigingi, na kila aliyekuja dirishani akapata namba yake na akaenda akakuta tuta linamngoja. Yule fundi viatu aliponyanyuka alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Dirisha likawa tupu ndani ya mwezi mmoja.

Ndipo nikachukua wembe. Fikiri mwenyewe, wewe mtu wa hesabu. Daftari linasema 305 na ardhini mtu analia kwenye 142. Daftari lisilokubaliana na ardhi ni daftari la uongo, ndivyo nilivyofundishwa nami ndivyo nilivyowafundisha wenzangu. Ardhi ilikuwa imeshabadilika, siwezi kuirudisha. Kwa hiyo nikasahihisha daftari. Tangu siku ile halijawahi kupingana na kigingi hata kimoja. Mkaguzi alikuja akaliangalia, akaandika "safi". Ningerudishwa leo kwenye kiti kile ningefanya hivyo hivyo, ila ningetafuta wembe mkali zaidi, usiote hayo manyoya.

Watu wale wamepalilia matuta yao. Wameleta wajukuu zao. Wewe unataka kuwanyang'anya, uwape nini badala yake? Ile 158 ukimwambia si ya mwanawe, utampa tundu la kitasa?

Kuhusu mama yako, mwache alipo.

Karatasi imekwisha.

Ni mimi baba yako,
karani mstaafu


Ijumaa, 28 Machi

Baba,

Shikamoo. Ndani kuna karatasi kumi na kalamu nyeusi tatu, nimezijaribu zote. Mdogo wangu ameniahidi fundi wa bati Jumamosi, asipokuja niandikie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Miwani aliniona naisoma, akaniomba, nikampa. Alipofika aya ya fundi viatu alivua miwani akaifuta, kisha akasema, "Baba yako angekuwa Mkuu, tusingefungiwa." Akaivaa tena. "Au tungefungiwa, ila tungepewa namba." Tukacheka, halafu tukaacha.

Nikwambie ukweli nilivyoupima. Namba za zamani zilikuwa zinasomeka. Mwenyewe umeandika: daftari linasema 305. Uliisoma. Maji hayakuzila, ulizila wewe. Na ramani ya zamani ninayo mkononi, ina vipimo kutoka ukuta wa ghala, na ule ukuta bado umesimama. Ningekuwa na namba zile, kwa kamba na vigingi ningempata kila mmoja pale alipozikwa, tuta liwepo lisiwepo. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta chini ya taa ya zambarau. Sikuwa natafuta kukuumbua. Mafuriko yalichukua vibao peke yake, Baba. Mahali palibaki, kwenye daftari, mpaka ulipopakwangua ili pakubaliane na matuta.

Hata hivyo kwa yule mama wa 158 sikulaumu. Nilitaka, nikashindwa. Nilisimama nyuma ya mlango uliofungwa nikamwambia "ipo", kwa sauti ile ile ambayo bila shaka uliitumia dirishani. Sikuwa na jibu lingine mfukoni na sina hadi leo. Wewe ulikuwa karani wake, ukampa ulichokuwa nacho.

Mimi ulikuwa baba yangu. Nilikuwa na miaka minane, nikakuuliza nyumbani, si dirishani, mama yuko wapi sasa. Nakumbuka ulikuwa unafunga kamba za viatu. Ukanipeleka 164. Ukanipa jembe dogo. Umekaa nami pale Jumapili baada ya Jumapili, ukiniambia nimsimulie mama habari za shule, nami nikasimulia, hata za ile shule niliyoacha. Na muda wote huo ulikuwa unajua.

Maana namba isiyobadilishwa haikwanguliwi. Kwenye mstari wa mama karatasi imeota manyoya kama ya wenzake. Kwa hiyo 164 si yake, na hilo sikuulizi tena.

Nitasaini. Ujue hivyo, upumue. Nimekwenda kwa Mkuu nikamwambia nitasaini yote kama yalivyoandikwa, isipokuwa mstari mmoja wa ukurasa wa sitini na tatu. Akauliza una nini huo mstari. Nikamwambia ni mama yangu mzazi. Akavaa saa yake, akasema, "Mmoja nakuachia. Mpaka Ijumaa ijayo saa sita. Baada ya hapo namba ni ile iliyoandikwa, au hana." Kwa hiyo wenzake mia mbili na kumi watahamishwa kwa namba zako na saini yangu, na kuanzia hapo uongo huo ni wa familia nzima. Mikono yetu imekuwa mmoja. Nimesaini kurasa nyingi jana, nikashtuka kuona nne zangu.

Jumatatu ya tarehe 7 Aprili magari ya kuchimba yanaingia. Yataanzia mtoni. Yanaanza upande ambao mlinzi anasema hakuna mtu. Kule hakuna atakayechimba kwa koleo wala kwa uangalifu, kwa sababu kwenye karatasi hakuna wa kuhamishwa; ni udongo wa kusukuma tu. Nimewaomba watu wa barabara waanzie juu, wakaniuliza namba gani ya kaburi ninayoizungumzia. Sikuwa nayo.

Umeandika "mwache alipo". Maneno mawili tu, na ndani yake kuna "alipo". Mtu hasemi hivyo kama hajui. Uliisoma ile namba kabla ya wembe. Sikuombi mia mbili na kumi na moja, hakuna kichwa kinachoweza kubeba hizo. Nakuomba moja, ya mtu uliyelala naye kitanda kimoja. Kama ni namba, nitaitafuta kwenye ramani, nitapima kutoka ukutani, nami nitakuwepo pale na kamba kabla magari hayajawashwa. Kama mteremko uliporomoka na maji yakamchukua, andika "maji". Nitaweza. Kama umesahau, andika "sijui", na hilo nalo nitaweza, ingawa sitaliamini upesi. Nisichoweza ni kumwona anasukumwa kwa tingatinga pamoja na udongo huku wewe unaniandikia habari za goti.

Safari hii usiniandikie hali ya hewa. Usiandike YAH. Usinikumbushe punje za mahindi. Gari la vifurushi linaondoka huko Alhamisi, tarehe 3 Aprili, saa tatu asubuhi, na wifi nimeshamwambia akupeleke hadi kituoni mwenyewe, uikabidhi kwa mkono wako, saa mbili na nusu uwe umefika. Ndani ya bahasha nataka neno moja.

Mama alikuwa namba ngapi?

Ni mimi binti yako,
Tarakimu